Usiku wa Dar es Salaam kwa Mgeni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya mgeni anayefika Dar es Salaam kwa siku chache, awe ametoka Mwanza, Lubumbashi, Mombasa au Muscat, naye anataka kujua jioni zake azitumieje. Majibu yametokana na mazoea ya kuishi na kutembea katika jiji hili, kwa hiyo pengine yana upendeleo wa mwandishi, hasa panapohusu muziki wa dansi, na msomaji ana ruhusa ya kutokubaliana nayo.

Starehe za usiku ziko sehemu gani ya jiji?

Haziko sehemu moja, na hilo ndilo jambo la kwanza ambalo mgeni hulikosea. Mtu hupanga chumba karibu na bandari, maeneo ya Posta au Kivukoni, akidhani kwamba katikati ya jiji ndiko kwenye uchangamfu. Ofisi zikishafungwa na wafanyakazi wakishapanda magari yao, mitaa ile hunyamaza kabisa, akabaki na walinzi na paka.

Jiji hili, ambalo Sultani Majid wa Zanzibar alianza kulijenga katika miaka ya 1860 kando ya kijiji cha Mzizima, lilihesabiwa kuwa na watu zaidi ya milioni 5.3 katika sensa ya 2022, na limetanuka kufuata barabara zake kuu. Usiku wake umetawanyika vivyo hivyo. Masaki na Oysterbay, kwenye rasi ya Msasani, kuna mikahawa ya ufukweni, hoteli na klabu zenye bei za juu, ambako utakutana na wageni wengi wanaofanya kazi nchini. Kinondoni, Kijitonyama, Sinza na Mwenge ni ukanda wa baa za wazi, nyama choma na kumbi za bendi, na kwa maoni yangu ndio moyo wa usiku wa Dar. Kariakoo na Ilala kuna chakula cha mtaani na vijiwe vya kahawa. Temeke na Mbagala wana ngoma zao, na Kigamboni, ng'ambo ya mlango wa bandari, wana fukwe.

Ushauri wetu ni kwamba uchague upande mmoja kwa usiku mmoja na ukae huko huko. Niliwahi kumtembeza mgeni aliyetaka kula Masaki, kusikiliza bendi Tabata, kisha kumalizia Mbezi, yote katika Ijumaa moja ya mwisho wa mwezi, watu wakiwa wamepokea mishahara. Tulichokiona zaidi usiku ule ni taa nyekundu za nyuma ya magari.

Nitoke saa ngapi?

Jua la Dar huzama kati ya saa 12 na saa 1 kasoro mwaka mzima, na jioni huanza hapo hapo kwa watu kununua mishkaki, kukaa barazani na kusubiri foleni ipungue. Kumbi za muziki hazijai kabla ya saa 4 usiku, na klabu nyingi huanza kuchangamka saa 6 ikiwa imepita. Tangazo likisema onesho linaanza saa 3, ielewe hiyo kuwa ni saa ambayo mafundi wanafunga spika na wapigaji wanasawazisha nyuzi. Anayetoka katika nchi inayosoma saa kwa mtindo wa Kizungu ahakikishe pia kwamba yeye na mwenyeji wake wanazungumzia saa ileile, kwani wako waliokwisha kufika ukumbini saa sita kabla ya wakati au saa sita baada yake.

Jumapili ina utaratibu wake. Maonesho mengi huanza alasiri, watu huyaita bonanza, na familia huja na watoto. Anayetakiwa kuwahi safari ya Jumatatu ataipenda siku hiyo kuliko Jumamosi.

Kuna muziki gani ambao siwezi kuupata kwingine?

Muziki wa dansi. Bendi kubwa ya gitaa, tarumbeta, saksofoni na waimbaji wanne au watano waliosimama mstari mmoja ni kitu ambacho miji mingi ya Afrika ilikuwa nacho ikakipoteza, lakini Dar es Salaam haijakiacha. Msondo Ngoma ilianzishwa mwaka 1964 kwa jina la NUTA Jazz, chini ya chama cha wafanyakazi. Chama kilipobadili jina, bendi nayo ikawa Juwata Jazz, kisha OTTU Jazz, na mashabiki wao wakaendelea kuiita Msondo kama walivyoizoea. Mwaka 1978 ikazaliwa Mlimani Park, ambayo baadaye iliingia chini ya Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam na kuitwa DDC Mlimani Park, ila mtaani ni Sikinde tu. Muhiddin Maalim Gurumo, aliyefariki mwaka 2014, aliimba katika bendi zote mbili, na bado ukikaa na wazee wa Kinondoni utasikia wakibishana kuhusu alikong'ara zaidi.

Ushindani huo unaeleza mengi utakayoyaona ukumbini. Kila bendi ina mtindo wake wenye jina, na shabiki huushabikia mtindo kama anavyoshabikia Simba au Yanga. Wimbo huanza taratibu kwa kisa kirefu cha ndoa, deni, mtoto aliyepotea au rafiki aliyesaliti, watu wakiwa wamekaa wanasikiliza maneno kwa makini, wengine wakitikisa vichwa kwa yaliyowakuta. Kisha magitaa hubadilisha mwendo, waimbaji huanza kucheza kwa hatua za pamoja, na hapo ndipo viti huachwa. Mgeni anayeinuka kucheza mapema hatazuiwa na mtu, lakini atakuwa amekosa nusu ya wimbo.

Msomaji wa Congo atajisikia nyumbani hapa, na ana sababu. Orchestra Maquis ilitoka Zaire ikaweka makazi Dar katika miaka ya 1970 na kuwapa watu mtindo wa Ogelea Piga Mbizi. Remmy Ongala alifika mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy, akaja kuiongoza Super Matimila, na hadi leo kituo cha daladala pale Sinza kinaitwa Kwa Remmy. Kizazi kilichofuata kilikuwa cha African Stars, maarufu kwa jina la Twanga Pepeta, ambayo kwa miaka mingi ilihusishwa na ukumbi wa Mango Garden, Kinondoni.

Kumbi na siku za maonesho hubadilika mara kwa mara. Njia ya uhakika ni kusikiliza matangazo ya redio za jijini siku ya Alhamisi na Ijumaa, au kumuuliza dereva wa teksi mwenye umri wa zaidi ya miaka 50.

Nikialikwa kwenye taarab, nifanyeje?

Vaa vizuri, kaa, na uwe na noti ndogo ndogo. Taarab ya kisasa ya Dar, ambayo kundi la Jahazi lililoanzishwa mwaka 2006 liliipa nguvu mpya, haina mambo mengi kama dansi. Ni maneno, na maneno hayo mara nyingi yana mtu aliyelengwa. Mwanamke anapoinuka polepole, akacheza mpaka mbele na kumtunza mwimbaji noti kwenye ubeti fulani, anawaambia waliokaa ukumbini kwamba ubeti ule ni wake, na pengine mhusika wa fumbo yuko meza ya tatu. Mgeni naye anaweza kutunza, lakini asikilize kwanza mpasho unasema nini, asije akaingia ugomvi wa watu bila kujua.

Na singeli?

Singeli ni muziki wa vijana wa Manzese, Tandale na maeneo ya jirani, wenye mapigo yanayoweza kupita 200 kwa dakika, na umekwishapigwa katika matamasha ya Ulaya. Mtaani hupigwa kwenye sherehe za harusi na mikusanyiko ya usiku, ambako mgeni asiende peke yake bila mwenyeji wa mtaa huo. Kwa mara ya kwanza ni afadhali kuusikia kwenye tamasha lenye kiingilio na jukwaa.

Usiku watu hula nini, na wapi?

Swali hili lingestahili ukurasa wake. Chakula cha usiku kinachojulikana kuliko vyote ni chipsi mayai, ambayo wengi huiita zege: viazi vilivyokaangwa hufungwa ndani ya mayai kwenye kikaango, vikaliwa kwa kachumbari na tomato sosi, mara nyingi pamoja na mishkaki miwili mitatu. Kila mtaa una banda lake, na banda zuri hulijua kwa foleni ya bodaboda.

Ufukwe wa Coco, Oysterbay, sifa yake ni mihogo. Hukaangwa au kuchomwa, ikapasuliwa na kupakwa pilipili na ndimu, ukala ukiangalia taa za meli zilizotia nanga nje zikisubiri zamu ya kuingia bandarini. Jumapili jioni ufukwe hujaa kiasi kwamba kutembea tu ni kazi. Katikati ya jiji, karibu na makutano ya Mtaa wa Libya na Barabara ya Morogoro, kuku huchomwa kando ya barabara kuanzia magharibi, na hiyo ni mojawapo ya sababu chache za kwenda mjini usiku. Kariakoo tafuta muuza pweza mwenye meza ndogo na taa: hukukatia vipande, unavichoma kwa kijiti, unachovya kwenye pilipili, na supu yake hupewa kwenye kikombe pamoja na maelezo marefu kuhusu nguvu za kiume ambayo hulazimiki kuyaamini.

Nyama choma huliwa baa. Kumbuka kwamba katika baa nyingi jiko na vinywaji ni biashara za watu wawili tofauti. Utakwenda mwenyewe jikoni kuchagua nyama na kupimiwa kwa kilo, utasubiri karibu saa nzima, kisha italetwa ikiwa imekatwa, pamoja na ndizi au ugali na chumvi pembeni, na mtu atapita na jagi la maji ya kunawa. Jiko hulipwa lenyewe na vinywaji hulipwa vyenyewe. Mahali palipoandikwa kitimoto panauzwa nyama ya nguruwe. Mwislamu aliyetoka mbali na asiyelijua neno hilo ni vyema alijue kabla ya kuagiza.

Mhudumu ameniuliza "moto au baridi?" Ana maana gani?

Anauliza kama bia yako itoke kwenye friji au kwenye kreti. Ya moto haijachemshwa. Ni bia ya joto la kawaida, na wako watu wazima wengi wanaoipenda hivyo. Bia za nyumbani utakazozikuta kila mahali ni Kilimanjaro, Safari na Serengeti, na kinywaji kikali cha nyumbani ni Konyagi, ambacho hakisamehi. Chupa ifunguliwe mbele yako. Mhudumu aitwe "samahani dada" au "kaka", na mwenye umri mkubwa aitwe "mama" au "mzee". Kupiga makofi au kufyonza humfanya akusahau. Bakshishi si lazima, ingawa kumwachia chenji ni jambo la kawaida.

Ukikaa na wenyeji, yupo atakayetoa ofa kwa meza nzima. Kukubali si kosa, lakini kuondoka bila kurudisha ni kosa ambalo hakuna atakayekuambia usoni.

Situmii kileo. Je, nitakosa starehe?

Hutakosa. Jioni bora za Dar nyingine hazina pombe kabisa. Nenda kwenye kijiwe cha kahawa, Kariakoo au Magomeni, ambako muuza kahawa hugonganisha vikombe vyake ili asikike, akakumiminia kahawa chungu kutoka kwenye birika lililokaa juu ya makaa, na ukainywa kwa kashata. Mazungumzo ni siasa, mpira na bei ya sukari, na mgeni akisalimia vizuri hupewa nafasi kwenye benchi.

Kuna pia mpira. Vibanda umiza, yale mabanda ya televisheni yenye mabenchi na kiingilio kidogo, hujaa usiku wa ligi ya Uingereza na usiku wa mechi za Afrika. Ukibahatika kuwapo siku ya Simba na Yanga, uwanja wa Benjamin Mkapa kule Temeke unachukua watazamaji 60,000, na baada ya mechi nusu ya jiji haitalala kwa furaha na nusu haitalala kwa sababu nyingine. Siku hiyo usivae nyekundu wala kijani na njano bila kujua unasema nini.

Nitarudije usiku wa manane?

Mwendokasi, mabasi yaliyoanza mwaka 2016 kati ya Kimara, Morocco, Gerezani na Kivukoni, ni mazuri kwa kwenda. Usiyategemee kwa kurudi baada ya saa 5 usiku. Daladala nazo hupungua kadiri usiku unavyosonga. Kinachobaki ni bajaji, teksi, na magari yanayoitwa kwa programu ya simu, ambayo faida yake ni kwamba bei na namba ya gari huziona kabla ya kupanda. Bajaji ya barabarani patana nayo ukiwa bado umesimama nje. Bodaboda ni ya haraka, lakini usiku, dereva asipokuwa na kofia ya kukupa, mwache aende.

Anayelala Kigamboni ana njia mbili: pantoni la Magogoni, au Daraja la Nyerere lililofunguliwa mwaka 2016 na ambalo magari hulilipia. Pantoni lenyewe, hata kama huna la kufanya ng'ambo, ni namna rahisi kuliko zote ya kuiona bandari usiku kutoka majini, winchi na meli zikiwa zimewaka taa. Kamera iweke mfukoni, kwa maana Ikulu iko hapo karibu, na kupiga picha Ikulu, bandari au maeneo ya jeshi kutakuingiza kwenye mahojiano marefu.

Je, ni salama?

Kwa mtu mwangalifu, kwa kiasi kikubwa ni salama, na hatari iliyo ya kawaida ni wizi. Simu haishikwi mkononi kando ya barabara wala kwenye dirisha la bajaji, kwa kuwa wapo wanaopita na pikipiki na kuinyakua au kuvuta mkoba wa begani. Ufukweni, baada ya watu kupungua, ondoka pamoja nao. Hili linahusu Coco na fukwe zote. Usipande gari lisilo teksi kwa sababu tu dereva wake ni mcheshi. Namba ya dharura ya polisi ni 112.

Mwanamke anayetoka peke yake hatashangaza watu Masaki au Sinza, ila atasemeshwa sana. Wengi huchagua meza iliyo karibu na kaunta, hujuana kwa jina na mhudumu mapema, na hawaachi kinywaji mezani wanapokwenda kucheza. Anayesumbua huambiwa "naomba uniache, kaka" kwa sauti ya kusikika na meza ya pili. Wenyeji wa Dar hawapendi fujo mezani pao, na mara nyingi mtu mwingine humalizia kazi hiyo.

Nilipe kwa fedha gani?

Kwa shilingi. Tangu Machi 2025 kanuni zinakataza bidhaa na huduma za ndani kutangazwa au kulipwa kwa fedha za kigeni, kwa hiyo anayekudai dola kwa chakula cha jioni anakosea. Kadi hupokelewa hotelini na kwenye mikahawa mikubwa. Kwingineko watu hulipa kwa simu, kwa Lipa Namba iliyobandikwa ukutani, na muuza mihogo naye anayo. Lakini bodaboda wa saa 8 usiku huwa hana chenji, basi beba noti ndogo.

Nivae nini?

Baa za wazi hazina masharti. Klabu za Masaki humrudisha mwanamume aliyevaa kaptula na kandambili. Kariakoo na Ilala, hasa karibu na misikiti, vaa mavazi ya heshima.

Kuna majira ya mwaka ya kuepuka?

Masika, kuanzia Machi hadi Mei, huleta mvua zinazoweza kufunga bonde la Jangwani, na Jangwani ikijaa maji, mabasi ya Mwendokasi husimama na jiji hukatika vipande viwili. Usiku wa mvua kubwa usivuke bonde kwa ajili ya muziki.

Ramadhani ni tofauti. Taarab hunyamaza, bendi nyingi hupunguza maonesho, na baa za maeneo yenye Waislamu wengi hupoa, lakini baada ya futari mitaa ya Kariakoo na Ilala huchangamka kwa vyakula mpaka usiku sana. Wiki moja kabla ya mwezi kuandama kuna vunja jungu, ambapo kumbi hujaa kwa shangwe za kuagana, na kisha Idi Mosi na Idi Pili bendi na vikundi vya taarab hurudi jukwaani pamoja. Anayeweza kuchagua tarehe zake azichague hizo.

Jambo moja zaidi: kumbi za wazi zilizo katikati ya makazi zimekuwa zikifungiwa na NEMC, baraza la mazingira, kwa sababu ya kelele. Ukiona muziki umepunguzwa ghafla onesho likiwa limenoga, hakuna kilichoharibika. Jirani amepiga simu.

Na kukishakucha?

Kuna supu. Kuanzia alfajiri vibanda vya supu ya ng'ombe, mbuzi au kuku huwa wazi, nayo huliwa kwa chapati, ndimu na pilipili nyingi, na mabenchini hukaa bega kwa bega waliotoka kulala na wasiolala. Kama bado una nguvu, nenda Feri, soko la samaki la Magogoni, kabla ya saa 1 asubuhi, boti zikiwa zinashusha samaki na mnada ukiendelea kwa sauti ambayo hakuna bendi inayoifikia. Vaa viatu ambavyo hutavihurumia, kwa kuwa sakafu ina maji ya samaki.